Shajara ya mradi: kupachi haipavaiza zetu dhidi ya matundu ya prosesa

Jumatatu – kuorodhesha

Haya wadau, kazi imeanza rasmi. Klasta yetu ya KVM (haipavaiza ya Linux, yaani programu inayogawa seva moja iwe mashine pepe nyingi) ina seva za aina tatu, Intel za kizazi cha Broadwell, Intel za Skylake, na AMD EPYC zile za Zen 2, na zote zinabeba mashine pepe za watu ambao hawajuani wala hawana sababu ya kuaminiana. Hapo ndo uzito wa mradi ulipo. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja tundu la prosesa ni shida yake yeye na programu zake, lakini kwenye haipavaiza mgeni mmoja akiweza kuchungulia kumbukumbu ya mgeni mwenzake basi hakuna tena maana ya kumwambia mtu kwamba ana mashine yake mwenyewe. (Humu nikisema mwenyeji namaanisha seva halisi, mgeni ni mashine pepe inayokaa juu yake.)

Kwa ambao hawajafuatilia, tangu Meltdown na Spectre zitangazwe tarehe 3 Januari 2018 mambo hayajatulia. Mzizi ni kwamba prosesa za sasa hazisubiri, zinakisia njia ambayo programu itapita na kuanza kazi mapema, zikikuta zimekosea zinatupa matokeo na kurudi nyuma, ila alama kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) zinabaki kama nyayo kwenye mchanga na mtu mwenye subira ya kupima muda wa kusoma kumbukumbu anaweza kujua ni data gani ilipita pale. Agosti 2018 ikaja L1TF, Mei 2019 MDS, Novemba 2019 TAA pamoja na iTLB multihit, Julai 2022 Retbleed, Julai 2023 Zenbleed, mwezi uliofuata Downfall na Inception kwa pamoja, alafu Septemba 2025 watafiti wa ETH Zurich wakaleta VMScape ambayo inalenga haipavaiza moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akisema sisi tulishapachi 2018, bado hajajibu swali.

Leo tumeorodhesha tu, hatujagusa kitu. Keneli ya Linux (moyo wa mfumo endeshi) inarahisisha sana, kwenye /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities kuna faili moja kwa kila tundu, unalisoma linakuambia "Not affected", "Vulnerable" au "Mitigation" ikifuatiwa na aina ya kinga. Tukapita kwa wenyeji wote na kwa wageni ambao tuna ruhusa ya kuingia. Hali sio nzuri. Kinga za 2018 zipo karibu kote, za baadaye zimetawanyika tu, na kwenye wenyeji wa zamani baadhi ya mafaili hayapo kabisa. Hili la faili kukosekana naliandika hapa makusudi manake ni rahisi kulipita: faili likikosekana sio kwamba uko salama, ni kwamba keneli yako ilitengenezwa kabla hilo tundu halijajulikana.

Jumanne – maikrokodi

Mpangilio tuliokubaliana ni kuanzia chini kwenda juu. Kwanza maikrokodi, yaani programu ya ndani ya prosesa yenyewe, pili keneli ya mwenyeji, tatu QEMU (programu inayomwigizia mgeni vifaa vyake) na libvirt (ya kusimamia wageni), nne aina ya prosesa anayoonyeshwa mgeni, mwisho keneli ya mgeni mwenyewe. Ukiruka safu moja zilizo juu yake zinaweza kuwepo lakini hazifanyi kazi, mfano kinga ya MDS inatumia amri ya VERW ambayo ilikuwepo kwenye prosesa toka zamani kwa kazi nyingine kabisa, maikrokodi mpya ndo inayoifanya isafishe bafa za ndani (vihifadhi vya muda vya data), bila hiyo maikrokodi keneli inaita VERW na hakuna kinachosafishwa. Keneli inasema hivyo yenyewe, inaandika kwamba imejaribu kusafisha ila maikrokodi haipo.

Maikrokodi unaweza kuipata kwa baiosi mpya au ukaipakia wakati keneli inabuti. Kwa Skylake na EPYC baiosi mpya zilipatikana, kwa Broadwell mtengenezaji wa zile bodi alishaacha kutoa matoleo mapya siku nyingi, kwa hiyo pale tunategemea initramfs, kile kifurushi kinachopakiwa pamoja na keneli wakati wa kubuti. Haina ubaya, ila lazima ipakiwe mwanzoni kabisa kabla keneli haijaanza kuhesabu uwezo wa prosesa. Kuna njia ya kuipakia seva ikiwa inatembea na watu wanaipenda kwa sababu hakuna kuriboti, mi siitaki kwa kazi hii, keneli ilishaamua kinga zake wakati inabuti na huwezi kutegemea kwamba itarudi nyuma kuamua upya.

Hatupakii kote kwa mpigo. Januari 2018 Intel walilazimika kuwaambia watu waache kusambaza maikrokodi ya Haswell na Broadwell kwa sababu mashine zilikuwa zinariboti zenyewe, na waliokuwa wameshaiweka kwenye seva zote ndo walioumia zaidi. Kwa hiyo mwenyeji mmoja wa kila aina anatangulia, anabebeshwa mzigo wa kweli, wengine wanafuata baadaye. Kabla na baada tunaandika namba ya maikrokodi kutoka /proc/cpuinfo ili pasiwe na ubishi.

Downfall kwa Skylake inamalizwa na hii hatua karibu yote. Tundu lenyewe liko kwenye amri ya gather, ile inayokusanya data kutoka sehemu nyingi za kumbukumbu kwa mara moja, na maikrokodi mpya inawasha kinga yenyewe. Kuna njia mbadala ya kuzima AVX (amri za kuhesabu data nyingi kwa mpigo) kabisa kama maikrokodi hauna lakini kwa wageni wetu wanaofanya mahesabu mazito hilo lisingekubalika. Intel wenyewe walisema kinga hii inaweza kula mpaka asilimia 50 kwenye baadhi ya kazi, kwa hiyo wale wenye mahesabu tumewaandikia mapema wapime kazi zao.

Jumatano – keneli, na ugomvi wa thredi

Kazi ya leo kwa mikono ilikuwa nyepesi: unawahamisha wageni kwenda mwenyeji mwingine bila kuwazima, unaweka keneli mpya, unariboti, unasoma yale mafaili, unawarudisha. Mjadala ndo ulikuwa mrefu na naandika kwa kirefu manake kuna watu watakuja kuuliza kwa nini tumefanya hivi.

Suala ni L1TF. Kwenye jedwali la kurasa za kumbukumbu kuna biti inayosema ukurasa huu haupo. Prosesa zilizoathirika zikikutana na ukurasa wa namna hiyo zinatakiwa kusimama, ila kabla hazijasimama zinachukua ile anwani iliyoandikwa pale na kwenda kuangalia kwenye kashe ya L1 (ile iliyo karibu zaidi na kiini cha prosesa) kama kuna data yake. Sasa mgeni ana uhuru wa kuandika chochote kwenye majedwali yake mwenyewe, na katika hali hii ile tafsiri ya pili ya anwani, EPT, inayotakiwa kumfungia mgeni ndani ya eneo lake inarukwa kabisa, anwani inachukuliwa kama ni anwani halisi ya mwenyeji. Maana yake mgeni mwenye nia mbaya anaweza kusoma kitu chochote kilichopo kwenye L1 muda huo, kiwe cha haipavaiza, kiwe cha mgeni mwenzake. Katika matundu yote ya kipindi kile hili ndo linaloniogopesha zaidi kwa upande wa mashine pepe, halihitaji kumdanganya mwathirika afanye kitu.

Kinga ya kwanza ni kusafisha L1 kila mgeni anaporudishwa kwenye prosesa. KVM ina namna mbili, ya masharti ambayo inasafisha pale tu njia iliyopitwa ingeweza kuingiza data nyeti, na ya kila mara. Chaguo la kawaida ni la masharti. Sisi kwa wenyeji wa Intel tumeweka kila mara, ni ghali zaidi ila hatutaki kumhakikishia mteja kitu ambacho kinategemea kwamba kila njia ya ndani ya keneli ilikaguliwa sawasawa.

Sasa tatizo, kusafisha wakati wa kuingia hakusaidii kama kiini kimoja kinaendesha thredi mbili kwa pamoja, ambayo ndo inaitwa SMT. L1 ni ya kiini kizima. Wewe unasafisha upande huu, thredi ya pili inaendelea kujaza data ya mtu mwingine, na mgeni anasoma kadri inavyojaa. MDS nayo ni hivyo hivyo, zile bafa zinashirikiwa. Faili la l1tf linasema wazi kwamba kusafisha kupo ila SMT bado ina hatari, na wengi tunasoma neno "Mitigation" mwanzoni mwa mstari tunaishia hapo.

Mwenzetu mmoja alipendekeza kupanga wageni kwa viini, uwezo ulioingia kwenye Linux 5.14 mwaka 2021, ambapo thredi mbili za kiini kimoja zinapewa mgeni mmoja tu kwa wakati. Hoja nzuri, inazuia mgeni kumchungulia mgeni jirani. Lakini thredi ya pili ikiingia kwenye keneli ya mwenyeji kushughulikia interapti (wito wa kifaa kinachotaka kuhudumiwa), data ya mwenyeji inaingia kwenye kashe ileile wakati mgeni yupo upande wa pili, na hilo halijafungwa kikamilifu. Kwa wageni wa mtu mmoja ningekubali. Kwa wageni wasiojuana, hapana.

Kwa hiyo uamuzi: SMT inazimwa kwenye wenyeji wote wa Broadwell na Skylake, kwa nosmt kwenye mstari wa kubuti. Tunapoteza nusu ya thredi, ingawa sio nusu ya nguvu kwa sababu thredi ya pili haijawahi kuwa sawa na kiini kizima. Mahesabu ya uwezo yamefanyika kwanza, wageni wenye vCPU (prosesa pepe) nyingi wamesambazwa upya kabla ya kuzima, na kuna mwenyeji ambaye tumelazimika kumpunguzia wageni. Najua wapo ambao hawakufurahi na nawaelewa, uwezo ule ulikuwa unatumika. Ila hatuwezi kuuza utengano ambao tunajua haupo.

Kitu kingine kidogo cha leo, iTLB multihit. Hii haivujishi data, inamwezesha mgeni kuigandisha seva nzima kwa kubadilisha ukubwa wa kurasa za msimbo kwa namna ambayo prosesa inashindwa. KVM inakinga kwa kuzivunja kurasa kubwa pale tu mgeni anapotaka kuendesha msimbo kutoka humo. Imewaka kote, tumekagua, tumeendelea.

Alhamisi – QEMU, na kwa nini kuriboti hakutoshi

Asubuhi tulipokea ujumbe kutoka kwa mmoja wa wenye mashine, kasema mmetuambia mmepachi, nimeapdeti keneli yangu, nimeriboti, bado faili la mds linaniambia "Vulnerable". Yuko sahihi na tulitegemea swali hili, tulipanga kulijibu leo.

Mgeni haoni prosesa halisi. Anaona ile ambayo QEMU imemchorea, na QEMU inaichora siku mchakato wake unapoanza. Mgeni akiriboti kwa ndani mchakato wa QEMU haufi, ni uleule wa toka zamani na orodha ileile ya flagi (alama za uwezo wa prosesa). Kumhamisha kwenda mwenyeji mwingine pia hakubadilishi, kwa sababu uhamisho unabeba ile prosesa ya kuchorwa kama ilivyo, na ndivyo inavyotakiwa la sivyo mfumo wa ndani ungekuta prosesa imebadilika katikati ya safari. Njia ni moja, mgeni azimwe kabisa alafu awashwe upya.

Na kabla ya kumwasha lazima maelezo yake yawe yamebadilishwa. Wageni wetu wengi wa zamani walikuwa wamewekewa kvm64, aina ya prosesa ya kawaida sana inayokubalika popote, na hiyo haina flagi ambazo kinga zinazitegemea: haina spec-ctrl, haina ssbd, haina md-clear, haina hata pcid. Hiyo ya pcid inaumiza kimya kimya: kinga ya Meltdown inatenganisha majedwali ya keneli na ya programu, na kila ukivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila pcid, TLB (kashe ya tafsiri za anwani) inafutwa yote. Mgeni anakuwa salama ila mzito, na mwenyewe anadhani seva zetu ndo mbovu.

Kwa Intel tumechagua Broadwell-noTSX-IBRS kwa wageni wote, hata walio juu ya Skylake, ili waweze kuhama kati ya aina hizi mbili. Jina hilo linabeba spec-ctrl ndani yake, na tumeondokana na TSX (amri za Intel za kufanya kazi za kumbukumbu kama muamala) ambayo ndo mlango wa TAA, juu yake tunaongeza kwa mkono flagi za stibp, ssbd, md-clear na pdpe1gb (hii ni ya kurasa za GB 1). Kuna aliyeuliza kwa nini tusitumie host-passthrough (kumwonyesha mgeni prosesa halisi kama ilivyo) tu tumalizane. Ingempa mgeni kila kitu, kweli, lakini siku unataka kumhamisha kwenda seva ya kizazi kingine unakwama, na kupachi kwetu kote kunategemea kuhamisha watu bila kuwazima.

Kwa AMD ni EPYC-Rome pamoja na stibp, amd-ssbd na virt-ssbd. Hizo mbili za mwisho tunaweka zote kwa sababu mifumo ya ndani inatofautiana, mingine inaijua moja tu.

Tahadhari kwa zamu ya usiku: mgeni aliyewashwa na flagi mpya hawezi kuhamia kwa mwenyeji ambaye hajapachiwa, libvirt itakataa na inafanya vizuri kukataa. Mpaka wenyeji wote wamalizike hakikisheni mnajua nani anaweza kwenda wapi, msije mkahitaji kumwondoa mtu haraka na nafasi pekee iko kwa mwenyeji wa zamani.

Ijumaa – AMD na VMScape

AMD hazina Meltdown, hazina L1TF, hazina MDS, kwa hiyo huko SMT imebaki imewaka. Sio kwamba hazina kazi. Zenbleed ni ya Zen 2 peke yake, aliigundua Tavis Ormandy wa Google, na inavujisha data za rejista za vekta, rejista zilezile ambazo maktaba za kawaida zinatumia kunakili na kulinganisha maandishi, manenosiri yakiwemo, na haijali mpaka wa mashine pepe. Maikrokodi ya EPYC ilitoka mapema, tumeiweka, tumethibitisha namba. Retbleed inaonyesha kinga ipo na STIBP (inayozuia thredi moja kuongoza ukisiaji wa mwenzake) imewaka kwa ajili ya SMT, sawa.

VMScape ndo imechukua siku. Tofauti yake ni kwamba inayolengwa ni QEMU yenyewe, ile programu ya kawaida kwenye mwenyeji inayomhudumia mgeni. Vitabiri vya matawi vya prosesa, yaani sehemu inayokisia njia ya programu, vilikuwa havitenganishi vizuri mgeni na programu ya mwenyeji, mgeni anavifundisha anavyotaka, QEMU inapofanya kazi yake inakisia vibaya na kuacha alama, na kwenye Zen 4 watafiti waliweza kuvuta baiti 32 kwa sekunde. Inaonekana ndogo mpaka ufikirie kinachokaa ndani ya QEMU: funguo za diski zilizosimbwa ni baiti chache tu. Zen zote kuanzia ya kwanza mpaka ya tano zimo, na baadhi ya Intel, Skylake zetu zikiwemo.

Kinga ni kwenye keneli ya mwenyeji, kila mgeni akitoka na kazi ikalazimika kufika QEMU, vitabiri vinafutwa kwanza kwa amri ya IBPB. Gharama basi inategemea ni mara ngapi unafika QEMU. Wageni wanaotumia virtio na vhost (vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe) wanamalizana na keneli mara nyingi na hawakuonyesha tofauti tunayoweza kuiona kwenye vipimo vyetu. Wale wenye diski ya IDE na kadi ya mtandao ya e1000 ya kuigiza wanafika QEMU kila mara, na kwao tofauti ilionekana. Tumeandaa mwongozo wa kuwahamishia virtio, na nadhani hili lingefaa kufanyika hata bila VMScape, kila kifaa cha kuigiza unachokiondoa ni msimbo mwingine ambao mgeni hawezi tena kuuchokonoa.

Jumatatu – vipimo na waliobaki

Wikendi imepita bila seva kuriboti yenyewe, maikrokodi tunazikubali. Wenyeji wote sasa wana keneli moja, mafaili yote yapo, na hakuna penye "Vulnerable".

Kwenye vipimo walioumia zaidi ni database zenye miamala midogo mingi, kila muamala ni safari kadhaa za kuingia na kutoka keneli na kila safari sasa ina ushuru. Kazi zinazokaa muda mrefu zikihesabu bila kuita keneli hazijatikisika, ukiacha wale wa gather. Na kuna jambo limetufurahisha, wageni waliotoka kvm64 wengi wao wamekuwa wepesi kuliko kabla ya mradi, pcid peke yake imelipa gharama ya zile kinga nyingine.

Kwa wanaoendesha haipavaiza ndani ya mashine zao pepe, tumeongeza flagi ya skip-l1dfl-vmentry inayoiambia haipavaiza ya ndani kwamba L1 inasafishwa na mwenyeji wa chini, isirudie. Bila hiyo walikuwa wanasafisha mara mbili kila safari.

Skripti ya ukaguzi inatembea kila usiku, inasoma mafaili ya kila mwenyeji, inalinganisha na matokeo ya jana, na inakagua kwenye libvirt ni wageni gani mchakato wao wa QEMU ni wa zamani kuliko maelezo yao mapya. Kwa faili la gather_data_sampling (ndo la Downfall) ndani ya mgeni msishtuke mkiona "Unknown", mgeni hana namna ya kujua hilo, anategemea sisi, na ndo maana tumewapa wenye mashine taarifa ya maandishi ya hali ya mwenyeji wao.

Waliobaki ni wale ambao hawajazima na kuwasha. Majirani zao wako salama kwa sababu kinga za mwenyeji hazimtegemei mgeni, hatari iliyobaki ni ya ndani, programu yao moja kwa programu yao nyingine. Tumewaandikia hivyo hivyo bila kuwatisha na kila mmoja amepewa dirisha la kuchagua muda. Broadwell tumeamua hazipokei tena wageni mchanganyiko, baiosi hazitoki na sitaki tundu linalofuata litukute pale na watu wasiojuana. Kuanzia leo kila Broadwell inabeba wageni wa mwenye mali mmoja tu, na uhamisho wa wengine unaendelea usiku huu.